Wimbo wa Muuza Kofia

Gitega, Kigali
22 Februari 1987

Kwa mwanangu Twahiru, Buyenzi, Bujumbura.

Assalaam alaikum. Nakusalimu kwanza wewe mwenyewe, halafu namsalimu mkeo Uwimana, mwambie mgongo wake nauombea kila swala. Namsalimu mjukuu wangu Sadi. Nasikia meno ya mbele yametoka. Msimpe mfupa wa kuku, hata akilia. Sisi huku wazima. Bibi yako Mukabalisa mzima, anauliza kama Bujumbura bado kuna joto, nikamwambia joto la huko lina nyumba yake, haliendi popote. Jirani yetu Nyirahabimana mzima, mguu umepona, sasa anatembea na mdomo wake pia umepata nguvu. Mutabazi fundi, ambaye bado anaweka cherehani yake kwenye baraza letu, anakusalimu. Na mdogo wako Uwamahoro anakusalimu mara mbili. Habari yake ndiyo imenifanya nishike kalamu, maana unajua mimi na kalamu, darasa la tatu nililiacha njiani.

Twahiru mwana wanjye, usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Nilikuambia Uwamahoro anakwenda Kimihurura kupiga taipu kwa yule Madamu wa Amerika mwenye piano. Ni kweli anapiga taipu. Lakini kuna kitu nilikificha kidogo tangu mwezi wa kumi na moja. Anaimba pia.

Ilikuwa hivi. Madamu alimpa maneno ya nyimba ayapige taipu. Siku moja akamkuta anafuta mashine huku anaimba yale maneno kwa sauti ya kwetu. Madamu akafunga mlango, akamwambia rudia. Sasa wako wanane, wanaume wanne na wasichana wanne, na tarehe 14 mwezi ujao wataimba mbele ya watu, katika ukumbi ulioko huko huko Kimihurura.

Nyimba zenyewe nitakueleza nilivyoelezwa. New York kuna barabara inaitwa Brodwei, imejaa majumba ya michezo. Michezo mingine watu waliipenda ikachezwa miaka. Mingine ilikufa wiki hiyo hiyo, na nyimba zake zikafa nayo. Madamu amekusanya hizo zilizokufa. Niliuliza, kwa nini anaamsha nyimba ambazo wenyewe walizisahau? Uwamahoro akacheka, akasema, "Mama, kwani kitu kikisahauliwa ndiyo kibaya?"

Sasa jambo lenyewe. Madamu amepata kazi ya kufundisha kuimba katika shule ya wasichana Butare, na anamtaka Uwamahoro awe msaidizi wake. Mshahara upo, chumba kipo ndani ya ua wa masista. Lakini shule inataka karatasi ya ruhusa, imetiwa sahihi na mzee wa familia. Baba yako Mungu amrehemu hayupo. Mzee ni wewe. Karatasi nimeikunja ndani ya barua hii. Mtoto anaitaka kazi hii mpaka chakula hakishuki. Fikiri kwa moyo mzuri.

Nijibu upesi, mpe barua Bizimana dereva wa lori akipakia kuja huku.

Mama yako,
Mukandekezi


Buyenzi, Bujumbura
2 Machi 1987

Mama,

Waalaikum salaam. Sisi wazima. Sadi hali mfupa.

Nimesoma, na sikukasirika kabla ya kumaliza. Nilikasirika baada ya kumaliza, halafu Uwimana akanipa chai, ikapungua.

Mimi si mtu mbaya, Mama. Uwamahoro nilimbeba mgongoni. Lakini hapa Buyenzi nimeona msichana wa watu, mtoto wa mwalimu wa madrasa, akiimba kwenye sherehe mbele ya wanaume wasiomjua. Walimpigia miluzi. Mmoja alimwita kama mtu anavyoita mbuzi. Na baadaye hakuna aliyesema wale wanaume hawana adabu, wote walisema yule msichana hana adabu. Anaishi na jina hilo mpaka leo. Sitaki dada yangu apande basi la Butare na jina kama hilo.

Basi nifanyie hivi. Nenda wewe mwenyewe. Kaa mbele. Angalia watu, usimwangalie Uwamahoro. Ukimwangalia yeye utaona mtoto wako tu, hutaona kitu kingine. Halafu niandikie walivyofanya, wote: aliyecheka, aliyelala, aliyeondoka. Kama walimpa heshima, natia sahihi siku hiyo hiyo. Kama walimfanya mchezo, Butare haipo, arudi kushona na wewe kwenye cherehani yako.

Na usinifiche. Wewe ukificha kitu, barua yako inakuwa na salamu nyingi mno.

Mwanao,
Twahiru


Gitega
15 Machi 1987

Kwa mwanangu mpenzi Twahiru.

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu sana sana. Namsalimu Uwimana, na mama yake Uwimana, na ndugu zake wale wa Kigoma ukiwaandikia. Namsalimu Sadi na meno yake. Msalimu jirani yako anayeuza mafuta, na mwenye nyumba wako, na watu wote mnaosali nao Ijumaa. Huku bibi yako Mukabalisa anakusalimu, Nyirahabimana anakusalimu, na mumewe, na shemeji yake aliyekuja kutoka Rwamagana. Mutabazi anakusalimu, na wateja wawili wa Mutabazi waliokaa barazani nikiandika wamesema na wao wanakusalimu, ingawa hawakujui.

Jana tulikwenda. Nilikwenda na Nyirahabimana, Uwamahoro alitupa tiketi mbili. Ilikuwa saa kumi jioni, mvua imetoka kunyesha, tukavua viatu vya matope mlangoni, kijana mmoja aliyevaa tai akatuambia hapana, vaeni. Tulikaa mstari wa pili. Mbele yetu wazungu watupu, wa ubalozi huu na ule. Nyuma yetu watu wa minisiteri, wakubwa wa serikali, na wake zao. Upande wa ukuta masista wawili. Nyuma kabisa wanafunzi.

Nilifanya ulivyosema. Niliangalia watu.

Wimbo wa kwanza waliimba wanaume wanne, habari za polisi aliyepoteza kofia yake na akawa anaogopa kurudi kituoni. Wazungu walicheka, lakini midomo imefungwa, kicheko kinatokea puani. Nyirahabimana akaniuliza, "Mama Twahiru, wanacheka nini?" Nikamwambia, "Sijui. Cheka tu." Tukacheka. Kumbe wenzetu walikuwa wamemaliza. Tukawa sisi wawili tu tunacheka katika ukumbi mzima, na sista mmoja akageuka kutuangalia kwa huruma.

Bwana mmoja wa minisiteri alilala kuanzia wimbo wa pili. Mkewe alimfinya, akaamka akapiga makofi katikati ya wimbo, akaona aibu, akalala tena.

Kulikuwa na mzee mzungu, nafikiri wa misheni, ndevu nyeupe, mstari wa mbele. Walipoimba wimbo wa mtu anayesubiri treni ambayo ilishapita, mzee yule akalia. Si kulia kwa sauti. Machozi tu yanashuka, hayafuti. Wakati wa mapumziko akamwendea Madamu akasema naye. Mwanafunzi mmoja aliyetoka kule nyuma alisikia akatutafsiria: mzee alisema mchezo ule aliuona akiwa kijana, ukumbi ulikuwa karibu mtupu, na baadaye hakukutana na mtu hata mmoja aliyeujua, mpaka akadhani aliuota. Nyirahabimana aliposikia hivyo akafungua mfuko akampelekea sambusa. Mzee alikula mbili.

Kitu kimoja kilinitisha. Wakati wa wimbo watu wale hawasemi neno. Hakuna kigelegele, hakuna hata mtu wa kusema eeh. Wananyamaza kama wako msibani. Wimbo ukiisha ndipo wanapiga makofi, wote pamoja, halafu wanaacha wote pamoja.

Uwamahoro naye aliimba. Watu walimsikiliza. Ikaisha, tukarudi nyumbani.

Sasa tia sahihi mwanangu. Bizimana anasubiri nje anapiga honi. Jibu upesi.

Mama yako,
Mukandekezi


Buyenzi
23 Machi 1987

Mama,

Umemsalimu mwenye nyumba wangu. Mwaka jana ulisema ni mnyang'anyi.

Habari ya mzee aliyelia umeniandikia vizuri, Uwimana naye alitaka kulia. Bwana aliyelala nimemwona kama nilikuwepo. Lakini dada yangu umemwandikia mstari mmoja.

Nilimpa Bizimana chakula, akasema. Anasema habari iko kituo chote cha magari cha Nyabugogo kwa madereva: kwamba kuna mwanamke wa Gitega alivamia jukwaani wakati Uwamahoro anaimba, akampigia kelele mbele ya mabalozi, akamrushia nguo, wanafunzi wakapiga miluzi, Uwamahoro akakimbia nyuma ya pazia na hakutoka tena.

Mwanamke huyo ni nani? Ana ugomvi gani na sisi? Ni mmoja wa wale wanaosema binti wa Kiislamu haimbi mbele ya watu? Au alikuwa amelewa? Niambie jina. Nikija Idi nitakwenda nyumbani kwake, nitazungumza naye kwa adabu, lakini nitazungumza naye.

Na wewe ulikuwa mstari wa pili, Mama. Ulimwachaje apite?

Karatasi iko mezani. Sijatia sahihi.

Twahiru


Gitega
27 Machi 1987

Twahiru,

Mwanamke huyo ni mimi.

Ngoja nieleze, na usimsomee Uwimana mpaka umalize peke yako.

Uwamahoro alitoka wa kabla ya mwisho. Nguo nilimshonea mimi, ya buluu, mikono mirefu, kitambaa kichwani, usione vibaya. Wimbo wake alinieleza nyumbani. Ni habari ya msichana anayeuza kofia katika duka la matajiri. Anauza kutwa, yeye mwenyewe hana kofia. Siku moja anaingia bwana mmoja, ananunua kofia nzuri kuliko zote, anamwambia, hebu ivae niione. Basi anaivaa, anajitazama kwenye kioo. Alinieleza mpaka hapo, kilichobaki alisema nitakisikia huko huko.

Alianza kuimba. Mimi simwangalii, naangalia watu kama ulivyosema. Naangalia mmoja mmoja. Hakuna anayetikisa kichwa. Hakuna anayetabasamu. Bwana wa minisiteri ameamka lakini uso hauna kitu. Mzee wa ndevu ameshika kofia yake magotini, hatikisiki. Nikasema moyoni, Mana yanjye, Mungu wangu, hawampendi. Mtoto wangu anaimba mbele ya ukuta.

Halafu piano ikanyamaza. Na Uwamahoro akanyamaza. Nikamwangalia sasa, kwa mara ya kwanza. Ameinamisha kichwa, mikono imelegea, hasemi kitu. Nyirahabimana akanishika goti, "Mama Twahiru, mtoto iko nasahau!"

Wewe unaijua desturi yetu. Harusini mwimbaji akikwama hatumwachi. Mama yake au shangazi yake anasimama, anapiga vigelegele, anamwendea anamtupia kanga mabegani, wanawake wote wanapokea, na mpaka kelele ziishe yeye ameshakumbuka na hakuna aliyejua. Ukimwacha akwame peke yake, basi huna mapenzi naye. Sikufikiri, Twahiru. Miguu ilinyanyuka yenyewe. Nilivua kanga yangu ya juu, nikapiga vigelegele kwa nguvu zangu zote, nikapanda zile ngazi tatu, nikamfunika mwanangu.

Hakuna aliyepokea. Hata Nyirahabimana, aliyenisukuma kwa maneno, alinyamaza. Vigelegele vyangu vilikwenda mpaka mwisho wa ukumbi vikarudi peke yake. Halafu wanafunzi wakapiga miluzi, watu wengine wakacheka, Madamu akasimama kwenye piano yake mkono mdomoni. Uwamahoro akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtoto niliyemzaa. Akaenda nyuma ya pazia na kanga yangu mabegani.

Kumbe hakusahau. Mwanafunzi yule wa nyuma alinieleza nilipokuwa nimekaa kwenye ngazi. Wimbo wenyewe ndivyo ulivyoandikwa. Hapo msichana anajitazama kwenye kioo, hana la kusema, anahesabu mpaka sita moyoni, halafu kuna maneno ya mwisho, ya chini. Maneno hayo hakuna aliyeyasikia. Mimi niliyakata.

Kwa hiyo ukiuliza waliompa Uwamahoro heshima na waliomvunjia, waliompa heshima ni wote. Aliyemvunjia ni mama yake. Ukikataa sahihi kwa sababu ya miluzi ile, basi nimemnyima mtoto Butare kwa mikono yangu. Usimhesabie yeye. Nihesabie mimi.

Hapa nyumbani ananijibu "ndiyo Mama", "hapana Mama". Ananiletea maji ya kutawadha. Anakula. Lakini haimbi tena akifagia. Nimemwomba msamaha mara nne. Kila mara anasema, "Yameisha, Mama," na hayajaisha.

Nijibu upesi, hata mstari mmoja. Hata kama ni wa kunisema.

Mukandekezi


Gitega
29 Machi 1987

Kaka Twahiru,

Mama hajui kwamba nakuandikia. Najua amekuambia, maana juzi alikaa na karatasi kutwa nzima na chakula kikaungua.

Sitaki ufikiri namchukia. Nataka mtu mmoja ajue kwa nini sisemi, na siwezi kumwambia yeye.

Madamu hakukasirika. Jumatatu nilipokwenda kuomba radhi alicheka mpaka akavua miwani. Alisema mchezo ule ulifungwa baada ya siku nane, na katika siku zote nane hakuna mtu aliyeinuka kwenye kiti kwa ajili ya wimbo ule. Aliyeutunga angekuwepo Kimihurura angempa Mama busu. Yule mzee wa misheni aliniletea salamu. Kazi ya Butare bado ipo, inangoja karatasi yako tu. Miluzi nayo ilikuwa ya Mama, si yangu, na wanafunzi wawili walikuja kuomba msamaha. Ulitaka kujua kama walinivunjia heshima. Hapana, kaka.

Lakini nikuambie nilichokiona mimi, maana Mama alikuwa anaangalia watu, na mimi pia nilikuwa nawaangalia.

Nilipoanza, sauti ilitetemeka. Katika ubeti wa pili ikasimama yenyewe. Nikaona bwana wa mstari wa tatu amefumbua macho, hayafumbi tena. Nikaona sista mmoja ameacha kuhesabu tasbihi yake. Wanafunzi walikuwa wanasukumana viti tangu mwanzo, wakaacha. Kaka, kule kunyamaza kwao kulikomtisha Mama, mimi ndiye niliyekuleta. Nilikuwa nimewashika wote, kama unavyoshika kitambaa kabla ya mkasi. Tulipofika pale pa kunyamaza nilianza kuhesabu. Nilijua kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwamba ninajua kufanya kitu. Nilikuwa nimefika nne.

Sasa wewe umekulia Gitega. Unajua kanga ile inasema nini. Hatumtupii mwimbaji anayeimba vizuri katikati ya wimbo wake. Tunamtupia aliyeshindwa. Wote mle ndani waliona mama mwenye fujo. Mimi peke yangu nilielewa. Wakati niko juu kuliko nilivyowahi kuwa, mama yangu aliniangalia akaona mtoto anayezama.

Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza. Fujo nilishaisamehe. Anaponiomba radhi, anaomba kwa kuharibu, na kuharibu si kitu. Kama yeye aliyenizaa hakusikia kwamba niliimba vizuri, nitamwamini nani wa Butare atakaposema nimeimba vizuri?

Usimwambie. Na usitie sahihi kwa kunihurumia, nimechoka kuhurumiwa. Tia kama unaona nafaa.

Dada yako,
Uwamahoro


Buyenzi
6 Aprili 1987

Mama,

Barua yako nimeisoma peke yangu kama ulivyotaka, halafu nikamsomea Uwimana, maana nilikuwa nacheka na yeye alitaka kujua. Samahani. Nilikuona na vigelegele vyako juu ya zile ngazi, nikacheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa chini nikaacha kucheka.

Mama, nani alikuambia uangalie watu? Ni mimi. Nani alikuambia usimwangalie Uwamahoro? Ni mimi. Ulikwenda kusikiliza mtoto wako, mimi nikakupa kazi ya polisi. Kama tunahesabiana, anza na mimi.

Karatasi hii hapa, nimetia sahihi. Nimeitia kwa sababu anafaa. Mwambie hivyo hivyo, "Kaka yako amesema unafaa," usiongeze neno.

Na jambo moja, usiniulize limetoka wapi. Usimwombe msamaha tena. Mwombe akuimbie ule wimbo, wote, kabla hajaondoka. Wewe kaa chini, usimwangalie mtu mwingine yeyote, na usinyanyuke.

Bizimana nimemwambia yule mwanamke wa Gitega ni mtu anayeheshimika na aache maneno Nyabugogo.

Mwanao,
Twahiru


Gitega
20 Aprili 1987

Mwanangu Twahiru,

Assalaam alaikum. Salamu ni kwa nyinyi watatu tu, wengine utawapa ukipenda.

Karatasi ilifika Jumatano. Nilimwambia ulivyosema, neno kwa neno. Aliishika, akasoma jina lako, akaingia chumbani kwa bibi yako, akakaa huko muda. Alipotoka macho mekundu lakini alifagia uwanja wote, hata upande wa Mutabazi.

Jana jioni, baada ya magharibi, nikamwambia, "Uwamahoro, niimbie ule wimbo wa kofia." Akasema, "Mama, yameisha yale." Nikamwambia, "Siombi radhi. Sijausikia, basi. Ulinisimulia nusu yake tu." Akaniangalia. Akasema, "Piano haipo." Nikasema, "Piano siijui, wewe nakujua." Hapo nikaona mdomo umecheza kidogo.

Tulikuwa ndani, bibi yako kitandani mlango wazi, mimi kwenye mkeka. Nyirahabimana alikuwa amekuja kuomba chumvi, akakaa nayo mkononi. Mutabazi alisimamisha cherehani yake huko nje, nikasikia gurudumu linaacha.

Akasimama pale karibu na kabati la vyombo. Akaimba.

Twahiru, mimi nimemsikia mtoto huyu akilia, akisoma Kurani, akigombana na wewe. Nilidhani sauti yake naijua yote. Siijui. Kile Kiingereza sikuelewa hata neno, lakini nilimwona msichana anasimama kutwa, nikamwona anashika kofia za watu kwa ncha za vidole asizichafue. Mimi miaka ishirini na miwili nashona nguo za harusi za watu, nazijaribisha mwilini kwangu kabla mwenyewe hajaja kuchukua. Nilimwona yule msichana, mwanangu. Na mwanangu ndiye aliyenionyesha. Nikaelewa wale wazungu walikuwa wananyamazia nini. Hata mimi nilinyamaza, na hakuna aliyeniambia.

Halafu akafika pale. Akainamisha kichwa. Akanyamaza.

Nakuambia ukweli, nilikuwa nimekalia mikono yangu yote miwili, na ilitaka kutoka. Nyirahabimana, unamjua, akaninong'oneza, "Yoo, iko nasahau tena!" Nikamwambia, "Kaa kimya. Hajamaliza." Na Uwamahoro akasikia. Najua alisikia kwa sababu alikuwa ameinama na nikaona bega limeshuka, kama mtu aliyetua mzigo. Nyumba nzima ikamngoja. Nilihesabu naye. Alinyamaza zaidi ya sita, nadhani alifika kumi, aliona anaweza.

Halafu akayaimba yale maneno ya mwisho, ya chini sana. Nilimuuliza baadaye yana maana gani. Msichana anaivua kofia, anairudisha ndani ya boksi la kumpelekea mwanamke mwingine, anamwambia yule bwana, "Itampendeza sana."

Ni hayo tu. Niliyakata hayo mbele ya mabalozi wote.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Nyirahabimana alifuta machozi kwa mkono wenye chumvi, akaanza kupiga kelele macho yanamuuma. Uwamahoro akacheka, akaja akakaa karibu yangu kwenye mkeka, akaegemea. Akaniuliza, "Basi, Mama?" Nikamwambia, "Umeimba vizuri. Hata siku ile uliimba vizuri, mimi ndiye sikuwepo." Alibaki ameegemea mpaka mguu wangu ukafa ganzi, na sikuusogeza.

Ameondoka leo asubuhi na Madamu, kwa gari la Madamu, na sanduku lako la zamani. Nyumba imekuwa kubwa vibaya. Bibi yako ameuliza mara tatu nani atamwekea maji ya moto.

Sasa sikiliza. Baada ya wiki mbili Madamu ana safari ya Bujumbura, atampeleka, na Uwamahoro amesema atakuja Buyenzi awaimbie wewe na Uwimana. Mwandae Uwimana, mwandae na mama mkwe wako kama atakuwepo, maana yule naye ana mkono mwepesi. Katikati ya wimbo atanyamaza, muda mrefu, mtaona kama amepotelewa. Msiogope. Msinyanyuke. Mshike Sadi.

Halafu uniandikie upesi, usingoje Bizimana, tumia posta, uniambie alinyamaza mpaka ngapi.

Mama yako,
Mukandekezi